Kwa anayeanza kazi ya anga la juu akiwa Tanga

Wengi wanaokuja kuulizia kazi hii wameshajichorea darubini kubwa kichwani, chumba chenye paa linalofunguka, na mtu aliyeinama kwenye kioo usiku kucha. Nikiwapandisha ngazi nikawaonyesha antena nyeupe isiyozidi upana wa shubiri mbili, imefungwa kwenye bomba juu ya paa la bati, na waya unaoshuka hadi kwenye kompyuta chumbani, nyuso zinabadilika. "Ndiyo hiyo tu?" Ndiyo hiyo, mdogo wangu, na mwaka wako wa kwanza utautumia zaidi kuilinda kuliko kuifanyia utafiti.

Eneo letu linaanzia kama kilomita 60 kutoka ardhini na kwenda juu hadi karibu 1,000. Ndege ya abiria inaruka kwenye kilomita 10 hadi 12. Puto la hali ya hewa likijitahidi sana linapasukia kilomita 30 na kitu. Satelaiti nayo ikishuka chini ya kilomita 200 hivi, hewa inaikamata na kuiangusha katika muda mfupi. Kwa hiyo kuna sehemu nene ya anga ambayo puto haliifikii na satelaiti haikai, na roketi hupita humo kwa dakika chache tu. Vimondo huungulia humo, kati ya kilomita 120 na 80, vikaacha tabaka la atomi za sodiamu na chuma linaloelea juu yetu mwaka mzima. Hewa ya huko ni nyembamba mno, lakini mionzi ya jua imezing'oa elektroni kutoka kwenye atomi zake, na elektroni hizo huru zinatosha kupindisha mawimbi ya redio. Sehemu hiyo yenye umeme ndiyo ionosfea, na ndiyo itakayokulisha ukiamua kubaki.

Na kwa nini ubaki hapa, wakati wenzako wote wanatazama Dar au nje ya nchi? Kwa sababu ya mahali penyewe. Ikweta ya sumaku ya dunia haifuati ile ya kwenye ramani. Upande wetu wa Afrika inapita Ethiopia, kwenye nyuzi 9 kaskazini hivi. Tanga iko nyuzi 5 kusini. Jumlisha, unapata nyuzi 14. Mchana, umeme wa anga ulio juu ya ikweta hiyo huinua plazma, yaani hewa hiyo yenye elektroni huru, mamia ya kilomita, kisha plazma huteleza ikifuata mistari ya sumaku, nyingine kaskazini, nyingine kusini, na kurundikana kwenye nyuzi 15 hivi kila upande. Rundo la kusini linaangukia juu ya vichwa vya watu wa Tanga, Pangani na Bagamoyo. Edward Appleton, Mwingereza aliyethibitisha kuwepo kwa ionosfea kwa majaribio ya redio yaliyoanza 1924 na kupewa Tuzo ya Nobel 1947, aliueleza mrundikano huo mwaka 1946, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. India na Brazil, ambako rundo hilo pia huanguka, wana kumbukumbu za miongo mingi. Pwani yetu ina vipande vipande.

Vipande hivyo vina sababu. Wenyewe tunausema mji wetu: waja leo waondoka leo. Kwa wageni wa kawaida ni utani mzuri, kwa vifaa vya anga ni msiba. Anakuja mtu na kifaa kizuri na mradi wa miaka mitatu. Kifaa kinafungwa, picha zinapigwa, makala zinaandikwa, mradi unaisha. Betri ikifa hakuna wa kununua nyingine. Lakini jua lina mzunguko wa miaka 11 hivi, na ionosfea inapanda na kushuka nalo. Anayepima miaka mitatu ameiona ngazi moja ya mlima. Mimi nasema hivi, na wenzangu wengine hawakubaliani nami: kijana atakayeacha miaka 11 ya data isiyokatika kutoka paa moja la Tanga atakuwa amefanya kazi kubwa kuliko mwenye makala kumi za haraka. Mengine yote nitakayokuambia yanatokana na hilo.

Kabla hujagusa kifaa chochote cha kisayansi, tafuta redio ndogo inayoshika mawimbi mafupi. Mitumba ipo Ngamiani, usipoteze fedha kwa mpya. Chagua stesheni moja ya mbali na stesheni moja ya mawimbi ya kati ya nchi jirani, uzisikilize saa tatu asubuhi, saa nane mchana, saa moja usiku na saa nne usiku, kila siku, kwa mwezi mzima. Andika zinasikika vipi. Utagundua kwamba ile ya mawimbi ya kati mchana haipo kabisa, na baada ya magharibi inaibuka. Sababu ni tabaka la chini la ionosfea, lililo kati ya kilomita 60 na 90, ambalo mchana linayameza mawimbi hayo. Jua likizama tabaka hilo linatoweka upesi, kwa kuwa hewa ya pale ni nzito kiasi na elektroni zinarudi haraka kwenye makao yao. Linabaki lile la juu, kwenye kilomita 300 hivi, ambalo linayarudisha mawimbi chini mbali na yalikotoka. Wazee wetu waliofuatilia idhaa za Kiswahili za London na Cologne kwa redio za mbao walikuwa wakijua kwamba baada ya kiza kuingia lazima ubadili mita bendi. Walikuwa wakiisoma ionosfea kwa kidole. Kijana wa leo aliyekulia kwenye intaneti hajawahi kusikia sauti ikififia, ikirudi, ikififia tena, na mtu ambaye hajaisikia hali hiyo namwona akipata taabu sana kuielewa kwenye mchoro.

Sasa majira. Hapa pana jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa kwingine havitakuambia. Jambo la kusisimua zaidi katika anga letu hutokea baada ya jua kuzama, kuanzia saa moja na nusu usiku hadi saa sita hivi. Tabaka la juu huinuliwa ghafla, sehemu yake ya chini inakuwa nyepesi kuliko ya juu, na ule wepesi hupenya kwenda juu kama viputo. Viputo hivyo vya plazma vinaweza kupanda mamia ya kilomita. Mawimbi ya GPS yakipita humo yanapapatika, na risiva inaweza kuipoteza satelaiti kabisa. Upande wetu huu, viputo huzidi karibu na miezi ambayo usiku na mchana hulingana: Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba.

Machi na Aprili ni masika. Umeelewa tatizo? Wakati anga la juu linapochemka, sisi huku chini tumefunikwa na wingu. Kamera ya usiku, ile yenye lenzi pana inayoona anga zima na kichujio cha mwanga mwekundu wa oksijeni wa nanomita 630 unaotoka kwenye kilomita 250 hivi, ni kifaa kitamu sana. Viputo vinaonekana kama michirizi ya giza inayosogea kuelekea mashariki. Lakini mwezi Aprili hapa Tanga kamera hiyo itakuonyesha mawingu na matone ya mvua. Kwa hiyo ukipata fedha kidogo, anza na redio: risiva ya GPS ya masafa mawili. Mvua haiisumbui. Kamera ifuate baadaye, na uiwekee matumaini ya Septemba na mwanzo wa Oktoba, kabla vuli haijakolea.

Kamera pia haitaki mwezi. Mbalamwezi inaufunika mwanga wa oksijeni, hivyo usiku wako wa kazi ni wa giza, na hapo utakuta mna ratiba moja na wavuvi wa dagaa. Jioni moja kule Deep Sea mzee mmoja mwenye mashua aliniuliza tunachokipima. Nilipomaliza kueleza akacheka.

"Kwa hiyo na nyinyi mnaukimbia mwezi?"

"Tunaukimbia mzee. Ukiwaka, kamera haioni kitu."

"Basi mwanangu, tutakuwa tunalala siku zilezile."

Tangu siku hiyo sijapata shida ya kueleza kazi yangu ufukweni. Taa zao za baharini zinang'arisha ukingo wa picha upande wa mashariki, ni kweli, ila ukingo huo unaukata tu kwenye kompyuta. Usiende kuwaomba watu wazime taa za riziki yao kwa sababu ya utafiti.

Sasa njoo kwenye vifaa vyenyewe, ambako ndiko kazi nyingi ilipo. Adui wa kwanza ni chumvi. Upepo wa kusi unaileta hadi mitaa iliyo mbali na bahari, inaingia kwenye viungo vya waya, na kiungo kilichoanza kupata ukijani ndani kinakula mawimbi polepole kiasi kwamba hutajua mpaka ulinganishe mwezi huu na mwezi kama huu mwaka jana. Kila kiungo kilicho nje kizungushie utepe wa mpira unaojishika wenyewe, kisha juu yake utepe mweusi wa kawaida unaokinga jua. Kifungue na kukikagua kabla ya masika na baada ya masika. Adui wa pili ni unyevu. Ndani ya sanduku la kifaa weka vifuko vya silika, na vikibadilika rangi vikaushe kwenye oveni, usivitupe. Watu wanadhani kiyoyozi kinamaliza tatizo. Chumba kikiwa baridi mno halafu umeme ukakatika, hewa ya pwani inaingia na kufanya umande juu ya saketi. Heri chumba chenye joto la wastani lisilobadilika.

Umeme nao unajulikana. Usiunganishe kifaa moja kwa moja na soketi ya ukutani hata kwa siku moja. Betri kubwa, chaja nzuri, na kama kuna uwezo sola, halafu kifaa kitumie umeme wa betri muda wote. UPS za dukani zimetengenezwa zikuvushe dakika chache uzime kompyuta kwa heshima, si usiku mzima. Radi ni jambo la peke yake: tafuta fundi umeme anayejua kufunga athi, asimamie kazi mwenyewe, na athi ya antena iunganishwe na athi ya jengo. Zikiwa mbili zisizojuana, radi inayopiga mbali inaweza kupita katikati, na katikati ndipo kifaa chako kilipo.

Halafu viumbe. Kunguru wa pwani wanapenda waya, wanajengea viota. Waya wowote mwembamba unaoning'inia juu ya paa utaukuta mwembeni. Pitisha nyaya zote kwenye bomba. Mjusi kafiri anapenda joto la kifaa cha umeme na atataga mayai ndani yake. Ziba kila tundu kwa wavu. Sisimizi sijui wanatafuta nini kwenye swichi, lakini wanakuja.

Baada ya chumvi na mijusi, kinachoharibu data nyingi hapa kwetu ni saa. Hapa nitakaa kidogo. Kifaa kinaandika kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. GPS yenyewe ina saa yake, ambayo tangu mwaka 2017 iko mbele ya UTC kwa sekunde 18. Kompyuta ya ofisini inaonyesha saa ya Tanzania. Mlinzi anayekuandikia kwenye daftari kwamba umeme ulikatika anatumia saa zetu za Kiswahili. Aliyeandika "saa mbili usiku" anamaanisha 20:00 kwenye kompyuta na 17:00 kwenye kifaa. Mpaka hapo unaweza kuhesabu. Lakini mzee wa Kitanga akikuambia "usiku wa Ijumaa", mara nyingi ni ule ambao wewe ungeuita Alhamisi usiku, kwa kuwa siku yake imeanza jua lilipozama. Changanya hayo yote, na baada ya miaka miwili hakuna anayeweza kusema kama lile shimo kwenye data ni viputo au ni umeme.

Dawa si kumfundisha mzee UTC. Mnunulie saa kubwa ya ukutani iliyowekwa UTC, ibandike juu ya daftari, mwambie aandike inachoonyesha na tarehe iliyo kwenye kioo cha kifaa. Aandike pia kwa maneno yake: mvua, radi, fundi kapanda paa, kunguru, jirani kaanza kuchomelea geti. Mashine ya kuchomelea ya jirani inatoa kelele za redio ambazo zinaweza kumdanganya hata profesa. Daftari la namna hiyo lina thamani kuliko nusu ya programu za kusafisha data.

Na kuna kipimo kimoja nataka ukijue kabla ya vyote. Satelaiti za GPS zinarudi mahali palepale angani kila siku zikiwa zimewahi kama dakika nne. Ukiona mawimbi yanapapatika leo saa 17:40, kesho 17:36, keshokutwa 17:32, kwa satelaiti ileile, hicho hakitoki angani. Hilo ni bati la nyumba ya pili, au tangi la maji, linarudisha mwangwi wa mawimbi kwenye antena yako. Viputo havina adabu ya kufika kwa ratiba. Tanga ina mabati mengi, kwa hiyo fanya uchunguzi huo wiki ya kwanza, na ikibidi hamisha antena mapema, maana ukishaanza kuhesabu miaka hutaki kuihamisha tena.

Kuhusu masomo nitapita haraka. PCM (fizikia, kemia na hesabu) ndiyo njia iliyonyooka, kisha shahada ya fizikia; UDSM na UDOM zote zinakupa msingi. Usikimbie hesabu za mawimbi na sumaku-umeme. Jifunze Python, lugha ya kuandikia programu, mapema, peke yako kama chuo hakifundishi, na jifunze takwimu kwa moyo wote, kwa sababu swali utakaloulizwa maisha yako yote ni hili: unajuaje kwamba hiyo haikutokea kwa bahati tu? Kiingereza cha kuandikia makala utakipata kwa kusoma makala.

Usisubiri kifaa ndipo uanze. Malindi ya Kenya, kaskazini yetu tu, pana risiva ya mtandao wa kimataifa ambayo data zake za miaka mingi zinapatikana bure. Satelaiti sita za COSMIC-2 zilizorushwa Juni 2019 zinapita juu ya tropiki zikipima tabaka hizi kwa kutazama GPS inavyozama kwenye upeo wa dunia, nazo data zake ni za wazi. Kijana mwenye kompyuta ya mtumba na bando anaweza kufanya kazi ya shahada ya uzamili kutoka chumbani kwake Makorora. Na Malindi hiyo ina historia inayokuhusu: Waitaliano walirusha satelaiti kutoka majukwaa ya baharini pale tangu 1967, na ya kwanza kurushwa pale, San Marco 2 ya mwezi Aprili mwaka huo, ilikwenda kupima uzito wa hewa ya huku kwetu juu. Miaka mitatu baadaye, tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya inasherehekea uhuru, ikarushwa nyingine ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, ya kwanza duniani kwa kazi hiyo, nayo ikaitwa Uhuru. Mtu akikuambia sayansi ya anga si ya pwani yetu, muulize hizo zilipandia wapi.

Ajira. Nafasi zenye jina la kazi hii nchini ni chache mno, sitakuficha. Vyuo vikuu vinaajiri wahadhiri wa fizikia, na utafiti wako utaufanya kati ya vipindi. Lakini ujifunze kuieleza kazi kwa watu wanaoihitaji bila kujua. Mfano ni wapima ardhi. Idadi ya elektroni kati ya satelaiti na risiva inahesabiwa kwa kizio ambacho kimoja ni elektroni trilioni 10,000 juu ya kila mita ya mraba, na kila kizio kinaongeza sentimita 16 za kosa kwenye masafa makuu ya GPS. Alasiri ya miaka ya jua kali, chini ya rundo la Appleton, vizio vinaweza kuvuka 100. Hizo ni mita 16. Vifaa vya kisasa vinasahihisha sehemu kubwa, ila si kila kifaa na si kila saa. Bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, hapo ng'ambo tu. Kazi za namna hiyo zinapimwa kwa satelaiti tangu mwanzo hadi mwisho. Mpimaji ambaye jioni ya Machi kifaa chake kinakataa kutulia anastahili kuambiwa sababu, na anayeweza kumwambia ni wewe.

Marubani nao. Tangu Novemba 2019 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lina huduma ya taarifa za hali ya anga la juu, zinazoonya juu ya redio za mawasiliano ya mbali na GPS. Wenye satelaiti wanalijua somo hili kwa hasara: maabara ya Skylab ilianguka Julai 1979 mapema kuliko ilivyotarajiwa kwa sababu jua lilipamba moto, likaivimbisha hewa ya juu, ikaivuta. Februari 2022 kampuni ya SpaceX ilirusha satelaiti 49 za Starlink, na takriban 40 zikapotea kwa sababu hiyohiyo, tena kwa dhoruba ya jua ambayo haikuwa kubwa. Ile kubwa ilikuja Mei 2024, ya daraja la juu kabisa, ambalo halikuwa limeonekana tangu Oktoba 2003. Marekani matrekta yanayojiongoza kwa GPS yalisimama mashambani katikati ya msimu wa kupanda. Mambo haya yakae mdomoni mwako. Ukienda kuomba fedha ukaanza na plazma, mkutano umeisha.

Vibali: mtafiti mwenzako wa kigeni anahitaji kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na kifaa chochote kinachorusha mawimbi kinahitaji masafa kutoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Risiva inayosikiliza tu ni rahisi zaidi. Mzigo wa vifaa ukija bandarini uwe na barua zote kabla haujapakiwa huko utokako, kwa sababu gharama za kuhifadhi mzigo zinahesabiwa kwa siku na hazijali kwamba ni sayansi.

Watu watakuletea mambo yasiyo yako. Utaombwa nyota ya mtoto, utaombwa kupiga falaki, cheka na uwape chai. La mwezi wa Ramadhani ni zito kidogo. Tarehe 29 Shaabani simu zitaita. Toa unachokijua: mwezi utazama dakika ngapi baada ya jua, utakuwa na kimo gani, upande gani wa mahali jua lilipozama. Kutangaza ni kazi ya Mufti na masheikh. Nimeona vijana wenye hesabu sahihi kabisa wakipoteza mtaa mzima kwa kuongeza sentensi moja isiyowahusu.

La mwisho ni jina lako. Utapata washirika wa nje, na wengi ni watu wema. Utapelekwa warsha Trieste, Italia, kwenye kituo cha fizikia cha Abdus Salam, ambako Waafrika wengi wa fani hii wamepitia; utakutana na watafiti wa Hermanus, Afrika Kusini, na wa Mbarara, Uganda, ambao wako karibu nasi zaidi kuliko tunavyowatumia. Nenda. Lakini kabla faili la kwanza halijatoka kwenye diski ya Tanga, kaa chini mwandike: nani anamiliki data, nakala inabaki wapi, nani anaandika makala gani, nani analipia betri mradi ukiisha. Mahali pengine mtu wa hapa huandikwa mwishoni kwenye shukrani pamoja na dereva. Kulinda kifaa miaka yote hiyo, kujua bati lipi linarudisha mwangwi na tarehe ipi jirani alichomelea, hiyo ni sayansi, na anayeifanya ni mwandishi wa makala. Sema hivyo mapema, kwa upole, na usirudi nyuma. Nakala kamili ya data ibaki Tanga bila mjadala.

Kama unaanza sasa, kuna kazi moja ya kukupa. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa. Njia ya giza kamili itapita Hispania, kaskazini mwa Afrika, Misri, Saudia, Yemen na ncha ya Somalia; sisi tutaona sehemu tu, mchana. Jua likifunikwa, hata kwa kiasi, elektroni zinaacha kutengenezwa kwa kasi ya kawaida, na mstari kwenye mchoro wako unashuka saa ambazo ungetakiwa kuwa juu. Ni jaribio ambalo hulipii. Ila siku ya tukio peke yake haina maana. Unahitaji wiki mbili kabla na wiki mbili baada, kwa antena ileile mahali palepale, ndipo ujue mchana wa kawaida wa Agosti unafananaje. Andaa pia miwani ya kuangalizia kwa watoto wa mtaani, kwa sababu watajaa. Viungo vikaguliwe Mei masika yakiisha, betri zibadilishwe Juni, na mzee wa daftari aambiwe mapema asiombe likizo wiki ile.